Dawa ya Paka Mutoto

Sisi watu wa Lubumbashi tuna neno moja linalofanya kazi mbili, na siku moja kazi hizo mbili ziligongana ndani ya farmasi, zikaua. Neno lenyewe ni paka. Paka ni yule mnyama wa masharubu, kama wajuavyo Waswahili wote. Lakini kwetu paka ni "tu" vilevile. Mtu mwenye mtoto mmoja tu husema, "Niko na paka mutoto moja," na hakuna anayefikiri kwamba amezaa mnyama. Tumelizoea neno hilo tangu tumbo la mama. Mimi sikuwahi kulitazama mara mbili mpaka yalipomkuta Hortense.

Hortense aliuza unga katika soko la Kenya. Kenya ya kwetu, commune au mtaa wa Lubumbashi, ya mafundi na makanisa na vumbi, si ile nchi ya mbali. Baba yake alitoka Kongolo kuja kufanya kazi ya reli, akamlea binti katika misa na rozari, akamwoza kwa Liévin, fundi wa kuunga vyuma, mtu mpole mwenye kifua kibovu. Walikaa miaka mingi wakingoja mtoto. Mtoto hakuja. Kifua kikaja, kikamchukua Liévin, na Hortense akabaki na vyumba viwili katika parsele, kiwanja cha ukoo wa mumewe, mlango kwa mlango na wifi yake Constance.

Sasa mnisikilize, maana hapa ndipo penye kidonda. Kwetu mwanamke akishajifungua, jina lake la ubatizo linakunjwa na kuwekwa sandukuni. Anaitwa kwa jina la mtoto. Pale sokoni meza ya kushoto ilikuwa ya Mama Abigaïl, ya kulia ya Mama Guelord, na ya mbele yake ilikuwa ya Mama Mwaba. Hortense wakamwita Mama Bunga. Bunga ni unga. Hakuwa na kingine cha kuitiwa, basi wakamfanya mama wa kile alichokiuza. Walimwita hivyo kwa kicheko, bila ubaya wowote, na hilo la bila ubaya ndilo linaloniudhi hadi leo.

Panya ndio waliomletea Kiki. Walikuwa wanatoboa magunia, wanamwaga unga sakafuni, na Hortense alipokuta kitoto cha paka kimejikunja ndani ya gunia tupu sokoni, cha kijivu, mguu mmoja mweupe, akakitia kifuani na kwenda nacho nyumbani. Panya wakahama. Kazi ikaisha, mapenzi yakabaki. Kiki alilala miguuni pake. Alimngoja mlangoni jioni. Hortense alimpenda, nisizungukezunguke, alimpenda jinsi mtu anavyompenda mtu.

Constance aliona. Constance alikuwa wa kanisa la vipaza sauti, na jicho lake halikufumba hata akisali. Akaanza kusema penye bomba, penye moto, penye kamba ya nguo: "Mujane hana mutoto, analala na paka. Na nyinyi munafikiri ile ni paka? Ile ni muntu." Mnaocheka, chekeni. Katika mji wetu neno mulozi, yaani mchawi, limetupa wanawake barabarani na mkeka wao kichwani, na hakuna aliyewauliza waliloga nani. Hortense aliwafahamu wawili kwa majina. Kwa hiyo alijifunza kumwita Kiki kwa kunong'ona, na kumtoa nje wakati Constance yuko kanisani.

Halafu Kiki akaanza kuhara. Mlinzi mmoja wa nyumba za matajiri, mteja wake wa unga, alimwambia kuna munganga wa nyama, Daktari Désiré, anayetibu mbwa na paka nyuma ya gereji, karibu na barabara kubwa. "Anawapima na kilo kama bantu," mlinzi alisema, maana yake kama watu. Hortense alikwenda akapaona. Watu walikaa kwenye benchi nje, mbele ya macho ya kila mpita njia, kila mmoja na mnyama wake mapajani. Nusu ya kanisa la Constance ilipita barabara hiyo. Akarudi.

Akapanda pikipiki mpaka Katuba, mahali asipojulikana na mtu, akaingia farmasi ya kwanza aliyoiona. Muuzaji alikuwa msichana mwenye koti jeupe na uso wa huruma, jina lake Cathy.

"Jambo, mama. Munatafuta nini?"

"Dawa ya kuhara."

"Ya nani?"

"Ya paka..."

Nyuma yake wanawake walikuwa wamesimama, na mmoja akakohoa. Ulimi wa Hortense ukaganda. Na Cathy je? Cathy alikuwa anangoja. Kwa sikio la Lubumbashi sentensi ilikuwa bado haijaisha. Ya paka nani? Ya nani tu? Basi, kwa wema wake, akaimalizia mwenyewe.

"Ya paka mutoto?"

Ya mtoto tu? Ndivyo alivyouliza. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, wazee walisema, na hapa ndimi mbili zilijikwaa kwenye jiwe moja.

"Eeh," Hortense akajibu. "Ya mutoto."

"Iko na kilo ngapi?"

Hilo alilijua. Alikuwa amempima Kiki kwenye mizani ya unga. "Nne, inapita kidogo."

"Oho, muchanga kabisa! Mama, Mungu amewakumbuka." Cathy alitazama ule uso wa miaka arobaini na kitu, akacheka kwa furaha ya kweli. "Jina yake nani?"

"Kiki."

Akampa pakiti ya chumvi ya kuchanganya na maji safi, akamweleza namna ya kumnywesha kidogo kidogo. Kisha akasema lile neno. "Mwende muzuri, Mama Kiki."

Mama Kiki! Hortense alishuka kwenye pikipiki kabla ya kufika kwake ili atembee. Alilirudia jina hilo chini ya pumzi njia nzima, machozi yakimtiririka, na mtu aliyemuuliza ana nini aliambiwa ni vumbi.

Kiki akapona. Chumvi ile haikumdhuru, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa. Uongo wa kwanza ulipofanya kazi nzuri, Hortense akaona una baraka. Akaanza kwenda Katuba bila ugonjwa. Ananunua sabuni. Ananunua pamba. Kweli alikwenda kununua salamu. "Mama Kiki, mutoto iko namna gani?" "Anaota meno." "Mama Kiki, analala muzuri?" "Analala ku miguu yangu." Paka anaota meno, jamani! Ningekuwepo ningemvuta kanga nimrudishe nyumbani. Lakini sikuwepo, na mtu mwenye njaa humwambii chakula hicho si chake.

Njia ya mwongo ni fupi. Kiki alipigana na dume la jirani, akarudi anachechemea, mguu wake mweupe umevimba, jino la mwenzake limeacha tundu dogo. Kesho yake masikio yalikuwa ya moto na hakutaka hata dagaa. Hortense alimfikiria Daktari Désiré. Nasema alimfikiria, alivaa hata viatu. Halafu akamsikia Constance uani akiimba, akaliona lile benchi, na miguu ikamwelekeza Katuba.

"Iko na homa," alimwambia Cathy.

"Tangu lini? Ananyonya? Anapumua muzuri?" Cathy aliuliza kila kitu kilichopasa kuulizwa. "Na sasa iko na kilo ngapi?"

"Nne."

Cathy akakunja uso. "Paka nne?"

Hortense akashika ukingo wa meza. Paka! Amejua. Amejua tangu lini? Lakini msichana alikuwa anasema tu, kwa Kiswahili chetu, nne tu? Nne zilezile?

"Mama Kiki, mutoto haongezeke hivi. Hii si muzuri. Mumulete nimuone, ao mumupeleke ku hospitali leo."

"Nitamuleta kesho."

Cathy hakufurahi. Alisita, akaangalia jedwali lake ukutani, akatoa chupa ya dawa ya maji ya homa, paracetamol ya watoto, na bomba dogo la kupimia lisilo na sindano. Akachora mstari kwa kalamu. "Musipite hapa. Asubuhi, mangaribi. Na kesho mumulete, minawaomba."

Hakuna aliyezembea, mnaona? Cathy alipima kama alivyofundishwa kumpimia mtoto wa kilo nne. Hortense hakupitisha tone. Alinawa mikono, akamfunga Kiki katika kitenge, akamfungua mdomo kwa kidole, akasukuma taratibu huku akimwomba radhi. Kama utii ungekuwa dawa, paka yule angekuwa hai.

Kabla jua halijashuka Kiki alikuwa anadondosha ute. Uso wake ulivimba, nyayo zikavimba, akawa anavuta pumzi kwa mdomo wazi, jambo ambalo paka hafanyi. Hortense alidhani homa imepanda. Akaitazama chupa. Asubuhi, mangaribi, ndivyo alivyoambiwa. Akampa tena.



Asubuhi alimfunua midomo akaona ufizi umekuwa wa rangi ya udongo. Ndipo aibu ikamtoka, ikamtoka yote kwa mara moja, ingawa tayari ilikuwa imechelewa. Akamfunga Kiki mgongoni kwa kitenge kama wafungwavyo watoto wote wa Katanga, akafungua mlango, akapita katikati ya uwanja kweupe. Mkia ulining'inia nje ya kitambaa. Constance alikuwa anafagia.

"Mumuone! Amemubeba ku mugongo! Bantu, mukuye kuona!"

Hortense hakugeuka. Maneno yote aliyoyaogopa yalisemwa nyuma yake, na hakufa nayo.

Kwenye benchi walimpisha bila kuulizwa. Daktari Désiré, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, alimlaza Kiki mezani, akatazama ufizi, akauliza bila kuinua macho, "Mama, mumemupa nini?"

Hortense akachomoa chupa kifuani.

Daktari aliisoma, akaiweka chini polepole. "Hii ni ya bantu. Maini ya paka hayawezi kuivunja. Inabaki ndani, inaharibu damu, na damu haibebe tena pumzi. Hata kidogo inamuua." Mikono yake ilikuwa tayari inafanya kazi, kumpa hewa, kutafuta mshipa. "Hata mbwa hatumupi dawa ya mu nyumba kabla ya kumuona na kumupima. Muuzaji alijua ni paka?"

"Hapana. Nilisema ni ya mutoto wangu."

Daktari Désiré hakumkemea. Afadhali angemkemea. Aliendelea na kazi, na baadaye, alipoona dawa aliyokuwa nayo haimfuati tena mgonjwa alikokwenda, aliuchukua mkono wa Hortense akauweka juu ya ubavu wa Kiki ili aufikie mwisho wake. Ubavu ulipanda. Ulishuka. Haukupanda tena.

"Na ile kidonda ya muguu?" Hortense aliuliza, kwa sababu mtu katika hali ile lazima aulize kitu.

"Ile ilikuwa kidogo," alisema daktari. "Ningeifungua, ningeisafisha, ningempa dawa ya kipimo yake. Angepona."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tunausema msemo huo kwenye misiba ya watu, na nimeusikia mara nyingi kuliko ninavyotaka. Safari hii uliingia barabara.

Akamzika Kiki pembeni mwa parsele, chini ya ukuta. Na sasa nieleze jambo linalouma kuliko kifo chenyewe. Hakuna aliyempa pole. Nani atampa mtu pole ya paka? Constance aliimba wimbo wa ushindi mchana kutwa. Sokoni Hortense alikaa na kitambaa cheusi kichwani, Mama Abigaïl akamuuliza nani amekufa, akajibu, "Hakuna." Watu wakanunua unga. Msiba ule aliubeba peke yake, mpaka akakumbuka kwamba katika mji huu mzima kuna mtu mmoja anayemjua Kiki kwa jina.

Alikwenda Katuba kutafuta pole. Simtetei wala simsuti, nasema alichokwenda kukitafuta. Alitaka mtu mmoja amwambie pole, Mama Kiki, kisha aondoke asirudi tena.

"Mama Kiki!" Cathy aliita kabla hajafika kwenye meza. "Nilingoja hamukumuleta! Mutoto iko namna gani?"

"Amekufa. Kiki amekufa."

Ee, pole aliipata! Cathy alizunguka meza mbio akamkumbatia. Wanawake waliokuwa kwenye foleni walipiga yowe la msiba kama walivyolelewa. Mmoja akamkalisha kwenye benchi, mwingine akamvua viatu, wa tatu akampepea kwa karatasi ya dawa. "Pole, Mama Kiki. Pole, Mama Kiki. Mungu alitoa." Na Hortense akalia. Alilia kwa sauti, kilio chote cha Kiki, na cha Liévin, na cha miaka yote ya meza ya unga, na mikono ya wanawake ilikuwa mgongoni mwake.

Kisha Cathy akauliza kwa sauti ndogo, "Ile dawa, mulimupa namna gani?"

"Namna ulisema. Sikupita mustari."

Mikono ya Cathy ikamwachia. Alisimama. "Basi ni mimi," alisema. "Kilo nne, na niliona haongezeke, na nikatoa tu dawa. Ni mimi nimemuua mutoto." Akaanza kufungua vifungo vya koti jeupe. Akaenda rafuni, akashusha chupa za dawa ile moja moja, moja ikaanguka ikavunjika. "Nakwenda kwa wakubwa nijisemee. Sitauza tena. Mutoto wa watu!"

Hortense alikuwa bado kwenye benchi, viatu vyake vimepangwa vizuri kando. Angeweza kuvivaa na kwenda zake. Hakuna aliyemjua pale. Angebaki Mama Kiki katika vinywa vyote vile, mama aliyefiwa, daima. Mimi sijui ningefanya nini, na ninyi msijifanye mnajua. Alimtazama yule msichana ameinama juu ya vipande vya chupa.

"Cathy. Hukuua mutoto. Ilikuwa paka."

"Ilikuwa paka nini, Mama?"

"Paka."

"Paka nini?"

"Paka!" Hortense alipiga kelele. "Ya mukia! Ya kukamata panya! Sina mutoto. Sikupata kuzaa. Nilikuja siku ile kuomba dawa ya paka, nikaona haya."

Mtu nyuma akapasuka kicheko, na mwingine akafuata. Yule aliyekuwa akimpepea aliitazama karatasi mkononi mwake kana kwamba ameiokota jalalani. Mwanamke mmoja akajiburuta kando, akasema, "Kulilia paka? Ile ni bulozi," akatoka na mtoto wake. Cathy alianguka juu ya kiti, akajishika kichwa kwa mikono miwili, analia na kucheka pamoja.

"Mungu asifiwe! Mungu asifiwe! Ilikuwa paka paka!"

Paka tu. Paka paka. Neno lile lilikuwa limerudi, sasa limesimama mara mbili, na farmasi nzima ikacheka upya kwa jinsi lilivyotoka. Hortense alivaa viatu vyake mwenyewe. Zile pole zote zilikuwa zimeshachukuliwa na wenyewe. Aliweka chupa yake mezani, bado ina dawa zaidi ya nusu.

"Daktari Désiré anasema hii inaua paka, hata kidogo," alimwambia Cathy. "Muntu akija akasema 'ya paka', akanyamaza, umuulize tena. Usimumalizie."

Kicheko kikamwisha Cathy. Alimtazama yule mama, akaona kitambaa cheusi, akaona macho, na nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba mtu amefiwa kweli.

"Nitauliza," alisema. Akamfuata mpaka mlangoni. "Pole, Mama..." Mdomo wake ulikuwa umeshaanza kulitamka lile jina. Ukasimama. Akawa hajui amwiteje.

"Mama Bunga," Hortense akamsaidia. "Ku soko ya Kenya bananiita Mama Bunga."

Akainua mkono kusimamisha pikipiki.